Kengele

Obwaka, mtunza bweni, anahesabu funguo kwa sauti
kama mtu ahesabuye kuku jioni.
Kumi na nne, umerudi. Kumi na tano, umerudi.
Kumi na sita umepinda, lakini umerudi.
Akifika kumi na saba anainua macho:
"Kengele, wewe unabaki?"
Nabaki.
Anaandika *anabaki* daftarini kwa wino mwekundu,
kama deni.

Kengele ndimi. Jina langu ni Nkengurutse,
maana yake nashukuru,
lakini wiki ya kwanza, kwenye foleni ya usajili,
karani wa Maseno alilitafuna, likamkwama,
akalitema nusu. Waliokuwa nyuma yangu wakacheka,
na ile nusu ikanitangulia kila darasa.
Kengele, leo hujalia? Kengele, ni saa ngapi?
Nami, mgeni asiyetaka ugomvi,
nikaitika.

Jana tulimaliza Takwimu, karatasi ya mwisho.
Wanjala alipika chapati kwa koili iliyopigwa marufuku,
tukazima taa ili mlinzi asinuse,
kana kwamba pua huhitaji taa.
Asubuhi akajitwika godoro hadi stendi ya Luanda.
Mumias si mbali, akasema, njoo Krismasi,
tutachinja, utapewa firigisi.
Kaniachia omena nusu kopo, sufuria isiyo na mkono,
na kalenda ambayo siku zake zote zimeshakatwa.

Nauli ya kwetu nimeihesabu mara tatu:
Kisumu, Sirare, Mwanza, kisha ile barabara
isiyoisha mpaka Bujumbura.
Mara zote tatu pesa inashukia Mwanza.
Na kibali cha mwanafunzi kinakwisha mwezi wa pili;
hicho nacho kina nauli yake.

Mchana bomba la ghorofani linatona.
Sikujua kwamba linatona. Muhula mzima
lilikuwa likitona chini ya redio za watu.
Tumbili wameteremka kutoka mikaratusini,
wanapita dirisha kwa dirisha
kama kamati ya wazazi.
Mmoja ameiba sabuni yangu. Nimemwachia.
Ndiye wa kwanza kunipigia hodi leo.

Nilikwenda sokoni ili tu niseme neno na mtu.
Mama Ayuma aliwahi kuniangalia, mwezi wa tisa,
nilipomwomba lengalenga,
kana kwamba nimemwomba mvua kwa kilo.
Nikaonyesha kwa kidole.
"Aa! Tsimboka!" Akacheka mpaka akaketi.
Leo, kabla sijafungua mdomo, amefunga fungu kwa kamba ya mgomba:
"Lengalenga yako hii, Kengele."
Neno la jikoni kwetu, limepinda kidogo,
katika kinywa ambacho mama yangu hakijui.
Nimelipa shilingi ishirini
nikasimama pale muda mrefu kuliko mboga ilivyohitaji.
Akaniuliza kama nimesahau chenji.

Mama hupiga simu saa mbili usiku.
Kwake ni saa moja.
Huniuliza nitakula nini, na mimi nimeshakula,
nimeshaosha sufuria, nimeshashika moto kwa kitambaa
mahali mkono ulipokuwa.
Namtangulia saa nzima kila siku,
nafika usiku kabla yake, peke yangu,
na bado sina habari ya huko mbele ya kumpa.
Mtihani ulikuwaje? Mzuri.
Wenzako wapo? Wapo, nasema,
na bomba linatona.

Halafu anasema, "Nkengurutse."
Lote. Bila kutafuna.

Nimechelewa kuitika.
Nilikuwa nimegeuka kutazama mlangoni
nione ni nani anayeitwa.